Bastola ya Kale Iliyobadilishwa: Uiweke au Uiuze? Mwongozo Kamili kwa Wamiliki wa Mombasa

Swali hili hukosewa mara nyingi, na kosa huwa lilelile. Mtu ana Webley au Smith & Wesson ya zamani. Imepakwa nikeli, au mtutu umefupishwa, au vibao vya mpini si vya asili. Jambo la kwanza analouliza ni bei. Akitajiwa bei ndogo, anatafuta fundi aipige msasa na kuipaka rangi mpya ili ipande thamani. Akiirudisha sokoni, bei imeshuka zaidi, na sasa hakuna wa kuirekebisha.

Bei ni swali la mwisho. Kabla yake kuna karatasi, kuna nambari, na kuna kujua ni badiliko gani linaweza kurudishwa nyuma na lipi haliwezi. Ukifuata mpangilio huo, mara nyingi jibu hujitokeza lenyewe kabla hujafika kwenye hesabu.

Shika sharti moja tangu sasa mpaka umalize: usiitengeneze, usiisugue, usiipake chochote kabla ya kuamua.

## Kama bastola si yako kisheria, anzia hapa

Cheti cha silaha nchini Kenya hupewa mtu, na hakirithiwi. Baba akifariki akaacha bastola kabatini, mjane na watoto hawajawa wamiliki, hata kama kila mtu mtaani anajua kuwa ilikuwa ya mzee. Kuishika bila cheti ni kosa chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114.

Usiitoe pale ilipo. Usiipakie kwenye tuktuk kuipeleka kwa mjomba anayejua bunduki. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe mikono mitupu, na cheti cha marehemu kama unacho, umweleze mkuu wa kituo. Waje waichukue, nawe udai risiti yenye aina ya silaha, nambari yake na idadi ya risasi zilizochukuliwa. Risiti hiyo ndiyo inayolinda haki ya familia, kwa sababu silaha iliyo mikononi mwa serikali bado ni mali ya mirathi mpaka iamuliwe vinginevyo.

Kwa familia za Kiislamu, bastola huingia kwenye orodha ya mali inayopelekwa Mahakama ya Kadhi. Yanayogawanywa kwa mafungu ni mapato ya mauzo, kwani chuma chenyewe hakigawanyiki. Mmoja wa warithi akitaka kuiweka, lazima aombe cheti chake mwenyewe kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Bodi ikimkataa, hata warithi wote wakikubaliana haisaidii. Basi jueni mapema nani ataomba, kabla ya kuanza kuvutana juu ya nani anaitaka.

Hatua zinazofuata ni za mwenye cheti halali, au zifanyike mbele ya muuzaji wa silaha mwenye leseni.

## Vitu vya kuandaa

- Cheti chako cha silaha na karatasi zote za nyuma: risiti ya kununulia, vibali, barua za Bodi
- Glavu za pamba au za nitrili, kwa sababu jasho la pwani lina chumvi na alama ya kidole huwa kutu
- Tochi ndogo yenye mwanga mweupe
- Kioo cha kukuzia, mara 5 hadi 10
- Rula ya milimita, na kalipa (chombo cha kupimia unene) ukiweza kuazima
- Kitambaa laini cheupe cha kutandika mezani
- Simu yenye kamera nzuri
- Daftari

Bisibisi haimo kwenye orodha. Skrubu iliyokwaruzwa kichwa ni jambo la kwanza ambalo mkusanyaji hulitazama, na bisibisi ya kawaida ya nyumbani haikai sawa kwenye mfereji wa skrubu hizi.

## Hatua ya 1: Linganisha karatasi na chuma

Soma cheti: aina, kipimo cha risasi na nambari. Kisha soma bastola. Vitatu hivyo lazima vilingane.

Palipobadilishwa kipimo cha risasi ndipo watu hunaswa. Cheti kinasema .38 S&W, lakini miaka mingi iliyopita chemba (matundu ya kuwekea risasi) zilitobolewa zikubali .38 Special. Au cheti kinasema .455, na silinda (pipa linalozunguka lenye chemba) imechongwa ipokee .45 ACP. Hapo silaha iliyo mkononi siyo iliyoandikwa. Iandikie Bodi kabla ya kumwita mnunuzi yeyote, maana uhamisho utakwama hapo hapo.

Ukikuta nambari imefutwa, imechimbwa au imegongwa upya juu ya nyingine, simama. Usiendelee na hatua inayofuata. Hilo ni la polisi na Bodi, na silaha ya namna hiyo haina soko halali popote.

Ukifaulu utaona hivi: nambari ya fremu (mwili wa bastola) na ya cheti ni ileile, kipimo cha risasi ni kilekile, na cheti hakijaisha muda.

## Hatua ya 2: Hakikisha haina risasi

Mtutu uelekee ukuta mnene au chini pasipo na mtu, kidole kiwe nje ya triga muda wote.

Webley na Enfield hufunguka kwa kuvunjika juu. Sukuma wenzo ulio upande wa kushoto karibu na nyundo, inamisha mtutu, na nyota ya kutolea maganda itapanda yenyewe. Smith & Wesson hufunguliwa kwa kusukuma mbele kitufe cha kushoto na kuitoa silinda kwa ubavu. Colt ni kinyume: kitufe huvutwa nyuma.

Hesabu chemba kwa kuzigusa moja moja: sita. Pitisha mwanga wa tochi katika kila moja, kisha katika mtutu. Ikikataa kufunguka, usilazimishe. Kutu ya pwani huganda kwenye bawaba na kwenye fimbo ya kutolea maganda, na huenda ndani mna risasi iliyokaa miaka. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni.

Risasi zozote ziwekwe chumba kingine kabla ya kurudi mezani.

## Hatua ya 3: Jua ulichonacho

Wengi huita kila bastola ya Kiingereza "Webley". Tofauti baina yao huamua bei, kwa hiyo tafuta maandishi kwenye fremu na juu ya silinda.

Webley Mk VI. Risasi .455, mtutu inchi 6 (milimita 152), mpini wa pembe mraba unaopanuka chini. Ilipitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1915. Za miaka ya 1920 zilitengenezwa kiwandani Enfield.

Webley Mk IV na Enfield No. 2. Zote mbili ni ndogo kuliko Mk VI na hutumia risasi ya .38 ya Kiingereza, yenye vipimo vya .38 S&W. Webley Mk IV za vita nyingi zimeandikwa "WAR FINISH", yaani mparuzo wa chuma chake ni wa kiwandani. Usiuone kama uchakavu.

Smith & Wesson Victory. Nambari huanza na V, na ipo chini ya kitako. Zilizopelekwa kwa majeshi ya Uingereza na makoloni yake nyingi ni mtutu wa inchi 5, risasi .38 S&W. Zilizoanza na SV zina kizuizi kipya cha nyundo. Zile za V bila S zinaweza kufyatuka zikianguka chini, na ndiyo sababu kizuizi kilibadilishwa kuanzia mwisho wa 1944.

Kwenye Victory, tafuta nambari ileile mahali pengine: uso wa nyuma wa silinda, chini ya mtutu, na ndani ya kibao cha kulia cha mpini. Cha ndani ya mpini mwachie fundi. Nambari zote zikifanana, una kitu ambacho hata nikeli mbaya haijakimaliza.

Piga picha zote: pande mbili, juu, chini, mdomo wa mtutu, uso wa silinda, kila alama. Mwanga wa dirishani asubuhi unatosha, usitumie flashi. Picha zenye nambari zibaki kwako na kwa Bodi. Zisizunguke kwenye makundi ya WhatsApp.

## Hatua ya 4: Tenganisha mabadiliko

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo. Chukua daftari, chora safu nne, na kila badiliko uliweke mahali pake.

### Safu ya kwanza: si badiliko, ni asili

Enfield No. 2 Mk I* haina mkia wa nyundo. Wamiliki wengi hudhani mtu aliukata. Hapana: kuanzia 1938 ziliundwa hivyo zisinase ndani ya vifaru, na nyingi za zamani zilirudishwa kiwandani zikafanywa hivyo. Ukimpa fundi aunganishe mkia, umeharibu bastola iliyokuwa katika hali yake ya asili.

Vilevile alama ya "FTR" huonyesha kuwa silaha ilirudi kiwanda cha serikali ikafanyiwa matengenezo kamili. Rangi mpya iliyopakwa huko ni sehemu ya maisha yake ya kijeshi, na wapo wanaozitafuta hizo hasa.

### Safu ya pili: inayorudishika

Vibao vya mpini vya mpira, vya plastiki au vya mbao zilizochongwa hapa mjini. Pete ya kamba chini ya kitako iliyotolewa. Ulimi wa shabaha wa mbele wa Mk VI, ambao hushikwa na skrubu kwenye kitako chake. Haya hayapunguzi thamani ya chuma. Yanaongeza tu gharama ya kutafuta kilichopotea.

Tafuta nyumbani kwanza. Vibao vya asili mara nyingi vimo kwenye kopo la skrubu, kwenye sanduku la mzee, au bado vimefungwa gazeti juu ya kabati. Kabla hujatoa senti, uliza familia nzima.

Angalizo la Mombasa: kama vibao vya sasa ni vya pembe za ndovu, simamisha kila kitu. Pembe huonyesha mistari myembamba inayokatana kama wavu ukitazama upande uliokatwa kwa upana. Mfupa una vidoti vidogo vyeusi, na plastiki haina kitu au ina mistari iliyonyooka mno. Kumiliki au kuuza pembe bila kibali ni kosa zito chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, hata kama ilichongwa kabla hujazaliwa. Muulize wakili, kisha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Usivibandue ukavitupa baharini, na usivitumie kama kivutio cha mnunuzi.

### Safu ya tatu: isiyorudishika

Rangi mpya. Tazama herufi kwa kioo. Za asili zina kingo kali, kama zimekatwa jana. Zilizopigwa msasa zimefifia upande mmoja, na mashimo ya skrubu yamekuwa na mabonde ya duara kama kisahani. Kona za fremu zinateleza kidole. Kwenye Smith & Wesson, tazama nyundo na triga: kiwandani huwa na rangi ya mawingu ya kahawia na kijivu. Zikiwa nyeusi sawa na fremu, imepakwa upya.

Nikeli na kromu. Nikeli ina joto kidogo, unjano wa mbali. Kromu ni baridi, inaelekea bluu. Kiwanda cha Smith & Wesson kilipopaka nikeli hakikupaka nyundo wala triga. Kila kitu kiking'aa mpaka triga, ni kazi ya duka la kupakia vyombo. Nikeli ikianza kubanduka, usijaribu kuimaliza kwa dawa zenye amonia. Chini yake mara nyingi mna tabaka la shaba, na amonia huila shaba ikainua nikeli vipande vipande.

Mtutu uliokatwa. Pima kutoka uso wa silinda hadi mdomo. Kisha tafuta ushahidi: maandishi ya ubavuni yaliyokatika katikati, ulimi wa shabaha uliochomelewa (kwenye Victory huwa kipande kimoja na mtutu), na ile nundu ndogo chini ya mtutu inayoshika ncha ya fimbo ya kutolea maganda imetoweka. Mdomo uliokatwa vibaya hauna duara sawa. Risasi huondoka ikisukumwa upande mmoja, na shabaha haikai tena.

Hapa maji yamemwagika. Mtutu wa kubadilisha ni sehemu ya silaha kisheria, kwa hiyo huwezi kuuagiza kwa posta kama spea ya pikipiki.

### Safu ya nne: ya hatari

Mabadiliko mawili yanataka umakini wa pekee, maana bastola huonekana nzima kabisa.

La kwanza ni Webley Mk VI iliyochongwa silinda. Nyuma ya silinda imepunguzwa ili ipokee .45 ACP kwenye vibanio vya nusu mwezi. Ukiifunga, utaona mwanya mpana kuliko kawaida kati ya silinda na ukuta wa nyuma. Tatizo ni nguvu. Webley iliundwa kwa shinikizo la takriban psi (pauni kwa inchi ya mraba) 13,000, na .45 ACP ya kawaida inaweza kufika psi 21,000. Inaweza kufyatua mara nyingi bila kitu, huku bawaba na komeo vinalegea kidogo kidogo, mpaka siku silinda ipasuke.

La pili ni .38 S&W iliyotobolewa kuwa .38 Special. Ganda la .38 S&W ni fupi lakini nene: urefu takriban milimita 19.7, kitako milimita 9.8. La .38 Special ni refu na jembamba: milimita 29.3 kwa 9.6. Kwa hiyo ganda la .38 Special likifyatuliwa kwenye chemba hizo, sehemu ya nyuma hukosa kubanwa. Fundi ukimwomba akuonyeshe ganda lililotoka humo, utaliona limevimba tumboni juu kidogo ya kitako, wakati mwingine limepasuka kwa urefu. Alama nyingine ni mihuri ya majaribio ya Birmingham kwenye mtutu au silinda. Ikisomeka .38 .767", huo ni urefu wa ganda la .38 S&W, na chemba ikiwa ndefu kuliko hapo, ilitobolewa baada ya muhuri huo kugongwa.

Usijaribu chochote kwa risasi. Kwanza, risasi isiyo ya kipimo kilicho kwenye cheti chako ni kosa kuwa nayo. Pili, kujua kwamba inaingia hakukwambii kama ni salama.

## Hatua ya 5: Mpeleke fundi mwenye leseni

Sheria hairuhusu kila fundi kutengeneza silaha. Fundi wa jua kali mwenye mkono mzuri wa mageti hana ruhusa ya kufungua bastola, na wewe unayempa uko kosani pamoja naye. Mtafute muuzaji aliyesajiliwa, na uulize polisi kuhusu namna ya kuisafirisha kabla hujavuka daraja la Nyali nayo.

Mwombe apime vitu vinne na aviandike kwa sahihi:

1. Mwanya kati ya silinda na mtutu. Kati ya milimita 0.10 na 0.25 ni wa kawaida. Ukizidi sana, gesi na chembe za risasi hutoka ubavuni.
2. Silinda kujifunga mahali pake kabla nyundo haijaanguka, kwa chemba zote sita. Chemba moja tu ikichelewa, risasi huingia mtutu kwa ukingo.
3. Ulegevu wa bawaba na komeo kwa zile zinazovunjika juu.
4. Urefu halisi wa chemba, ili jambo la kipimo cha risasi limalizike.

Mwambie tangu mlangoni: kupima tu. Asisafishe wala asing'arishe. Mafundi wema huharibu kwa nia njema.

Ukifaulu utaona hivi: una karatasi moja yenye jina la duka, nambari ya bastola, vipimo vinne, na neno "salama kufyatua" au "si salama".

## Hatua ya 6: Piga hesabu

Unahitaji namba tatu. Ya kwanza ni bei unayoweza kupewa leo ilivyo, na mnunuzi mwenye cheti au duka. Ya pili ni bei ya mfano huohuo usioguswa. Ya tatu ni gharama ya kurudisha kinachorudishika. Kwa silaha iliyopakwa upya au kukatwa mtutu, tarajia namba ya kwanza iwe nusu ya pili au chini yake. Usishangae wala usikasirike.

Tuchukue mfano wa kuonyesha hesabu tu, usiuchukue kama bei ya soko. Bei ilivyo sh 100,000. Isiyoguswa sh 220,000. Vibao vya asili na usafiri wake sh 20,000.

Kama badiliko pekee ni vibao, kutumia 20,000 kunakusogeza karibu na 220,000. Hapo rudisha kwanza, ndipo uamue. Lakini kama imepakwa nikeli na mtutu umekatwa, vibao vya asili vitaongeza kidogo tu, pengine chini ya hizo 20,000 ulizotoa. Iache ilivyo. Wenye bastola wengi hupoteza pesa hapa kwa kutengeneza kidogo kitu kilichoharibika kikubwa.

Ongeza gharama ya kukaa nayo: kuhuisha cheti kila mwaka, sefu iliyofungwa ukutani, mafuta, na muda wako. Zidisha kwa miaka 5. Namba hiyo ndiyo bei halisi ya neno "nitaiweka".

Kwa Smith & Wesson na Colt kuna barua ya kumbukumbu za kiwanda, hulipiwa, inayosema silaha ilitoka lini, ikaenda wapi, ikiwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani. Agiza kabla ya kuuza kama nambari zinalingana. Barua ikisema nikeli ilitoka kiwandani, umehama safu nzima ya bei.

## Hatua ya 7: Amua

Iweke kama nambari zinalingana, mabadiliko yote yako safu ya kwanza na ya pili, karatasi ni safi, na una mahali pakavu pa kuiweka. Iweke pia kama imebadilishwa sana lakini ni salama na ina uhusiano na familia unaoweza kuuthibitisha kwa karatasi au picha. Soko halitakulipa kwa ajili ya uhusiano huo, basi ukiuza utaupoteza bure.

Iuze kama mabadiliko ni ya safu ya tatu, huna uhusiano nayo wa kifamilia, na hesabu ya miaka 5 inakula thamani yake. Nikeli ya dukani haitakuwa ya thamani kwa kungoja. Na kwa hewa ya Mombasa, kila msimu wa mvua utaipunguza.

Usiuze kwa mtu wa kufyatua ile ya safu ya nne, hata akikubali kwa maneno kwamba atakuwa mwangalifu. Iuze kwa duka, na hatari iandikwe kwenye hati. Au isalimishe kwa polisi kwa risiti. Mkono wa mtu unapasuka bure kwa sababu muuzaji alinyamaza, na hakuna bei inayostahili hilo.

Kama bado hujui, iweke miezi 6 kwa kanuni za hatua ya 9. Bastola kavu iliyofungiwa haishuki bei kwa nusu mwaka.

## Hatua ya 8: Ukiuza

Kuna njia mbili za kawaida: kumuuzia muuzaji mwenye leseni, au mtu mwenye idhini ya Bodi ya kununua silaha hiyo hasa. Dukani bei ni ndogo, lakini karatasi humalizika haraka. Kwa mtu binafsi ni kubwa zaidi, na kusubiri ni kurefu.

Mpangilio ni huu: makubaliano, idhini ya Bodi, malipo ya benki, makabidhiano mbele ya duka au polisi, kisha silaha kuondolewa kwenye cheti chako. Usikabidhi kwa ahadi ya "karatasi zitafuata". Mpaka jina libadilike, risasi itakayotoka humo ni yako.

Andika mabadiliko yote kwenye hati ya mauzo, hata yale ambayo mnunuzi ameyaona: "imepakwa nikeli si ya kiwandani, mtutu umefupishwa hadi milimita 102, chemba ni za .38 S&W." Usiuze mbuzi kwenye gunia.

Kuipeleka mnada wa Uingereza au Marekani kunahitaji kibali cha kutoa nchini na cha kuingiza huko, kupitia wauzaji waliosajiliwa pande zote mbili. Kwa bastola iliyobadilishwa, gharama hizo kwa kawaida humeza faida yote.

## Hatua ya 9: Ukiiweka pwani

Adui ni unyevu na chumvi. Kizingo, Nyali au Bamburi, upepo wa bahari hufika mpaka ndani ya kabati.

Itoe kwenye ala ya ngozi leo. Ngozi hunyonya unyevu, na chumvi za kuitengenezea hubaki ndani. Ukiichomoa baada ya mwaka utakuta umbo la ala limechorwa kwa kutu juu ya chuma, na kijani kwenye kila kitufe cha shaba. Ala iwekwe kando, ndani ya mfuko wa kitambaa. Ikiwa ya asili nayo ina bei yake.

Ndani ya sefu weka jeli ya silika (punje zinazonyonya unyevu) gramu 500 na kipima unyevu kidogo. Lenga asilimia 45 hadi 50. Chini sana ya hapo vibao vya mbao hupasuka. Punje za kubadilika rangi zikishiba, zikaushe kwenye ovena nyuzi 120 kwa saa 2 hadi 3, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, kisha uzirudishe.

Futa chuma kwa kitambaa chenye mafuta mepesi ya bunduki, tabaka jembamba lisiloonekana. Mafuta ya kupikia ya aina yoyote huchacha na kuganda. WD-40 husukuma maji, lakini haibaki kama ulinzi wa miezi. Nikeli inayobanduka hutaka nta ya makumbusho badala ya mafuta, kwa kuwa mafuta hupenya chini ya ukingo uliopasuka.

Ikague kila wiki 4, na kila wiki 2 wakati wa masika na wa kusi. Mahali pa kutazama kwanza ni chini ya ukingo wa vibao vya mpini, mfereji wa juu ya fremu, na uso wa mbele wa silinda. Ukikuta doa la machungwa, lifute kwa mafuta na kitambaa cha pamba, liache usiku kucha, ulifute tena. Usitumie steelwool wala msasa. Doa likibaki, lipige picha, andika tarehe, na ulinganishe ukaguzi ujao: likiwa halijakua, liache.